Matundu Yaliyofutwa

Mzee Mkunjo hakuwa na imani na mtu yeyote anayekalia kiti kinachozunguka. Jina la Mkunjo alipewa na karakana, kwa sababu tangu ujana wake kazi yake ilikuwa moja: kukunja bati. Ukimletea bati bapa kama mkeka analiingiza kwenye mashine, anakanyaga pedali, na linatoka limekaa kona kama mtu aliyeambiwa akae kwa adabu. Shule aliiacha mapema. Kusoma alijua, ila si kwa raha. Wakubwa, hao ndio aliowasoma mpaka wakamwisha hamu. "Mtu akishazoea kiti cha kuzunguka," alikuwa akisema, "ukimuuliza swali anakugeuzia mgongo bila hata kusimama."

Mkewe alifia kiwandani humohumo, kwenye banda la kufungashia. Rafu ya bati ilikunjika miguu ikamwangukia na maboksi yake yote. Meneja alikuja msibani na shati jeupe, akatoa pole, kisha akatoa karatasi yenye picha ya rangi: rafu ileile, imechorwa kwa kompyuta, bluu kutoka juu hadi chini.

"Bluu maana yake salama," alisema. "Hesabu zilikuwa sawa, mzee. Hii ni ajali tu, mipango ya Mungu."

Mzee Mkunjo aliitazama picha hiyo kwa macho yaliyovimba. Nguzo za rafu alizikunja kwa mikono yake. Zilikuwa na matundu tele, kutoka chini hadi juu, kama filimbi. Kwenye picha hapakuwa na tundu hata moja. Hakusema neno, maana mfiwa akiongea sana huambiwa amechanganyikiwa. Lakini tangu siku hiyo neno "hesabu" likawa kwake kama jina la mtu aliyeua na bado anatembea barabarani akisalimiwa.

Nyumbani alibaki yeye na binti yake, kitinda mimba, aliyekuwa na sauti ya mama yake na kichwa kigumu cha baba yake. Binti naye alikuwa mtu wa kiwandani. Zamani vyuma vyote vilipakwa rangi tu. Siku hizi wakubwa walikuwa wamejenga banda jipya lenye hodhi refu la zinki iliyoyeyuka, chuma kikatumbukizwa humo kikatoka kimevaa ngozi isiyoshika kutu. Binti ndiye aliyeshika kidude cha winchi, akishusha na kupandisha. Kazi yake nyingine ilikuwa kusimama kando ya hodhi na kijiko kirefu kama reki, akikusanya majivu yanayoelea juu ya zinki. Alisimama kwenye jukwaa la mbao lililoanza kuungua kingo.

Ndipo ikatoka amri: jukwaa la mbao liondoke, lijengwe la bati. Mihimili ikunjwe na Mzee Mkunjo, ichomelewe na Cheche, jirani yake wa meza, na hesabu zipigwe na injinia mpya.

"Yaani mwanangu asimame juu ya hesabu," Mzee Mkunjo alimwambia Cheche. "Na chini yake zinki inachemka."

"Si bora hesabu kuliko mbao iliyoungua?" Cheche alisema. Alikuwa mtu wa maneno mengi kuliko moto wake.

"Mbao ikioza unaiona. Hesabu ikioza unaiona wapi?"

Injinia mpya alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kalamu nyuma ya sikio kama seremala. Siku moja alimwita Mzee Mkunjo ofisini kwake aje na kipande cha bati, apime unene wake. Kilikuwa chumba kidogo chenye kioo, kinachotazama karakana. Mzee Mkunjo alipoingia alikuta kiti. Kinazunguka.

Kwenye kompyuta palikuwa na mhimili wake. Aliujua mara moja, kama mtu anavyomjua mwanawe kwa kisogo: mabati mawili yaliyokunjwa na kukabiliana, yakafungwa yakawa kama kisanduku kirefu, na kila ncha tundu la kupitisha kidole gumba. Basi akatazama, na alichokiona kikamfanya asahau alichotumwa.

Injinia alibonyeza, unene wa bati ukatoweka. Mhimili ukabaki ganda tupu, kama yai lililonyonywa. Akabonyeza tena, na mikunjo yote, ile mikunjo ya mviringo ambayo mtu huchukua miaka kuipata bila kupasua bati, ikageuka kona kali kama za kiberiti. Halafu akasogeza mkono kwenye tundu la kwanza, akabonyeza. Tundu likafutika. Akaenda la pili. Likafutika nalo.

"Umefuta nini hapo?" Mzee Mkunjo aliuliza.

"Ah, vitu vidogo vidogo, mzee wangu," injinia alisema bila kugeuka. "Ukiviacha vyote, kompyuta inahangaika bure. Inagawa mhimili vipande vidogo mno na jibu ni lilelile. Nabakisha ganda tu, lipite katikati ya unene. Naomba hilo bati nipime."

Alimpa bati. Injinia akapima, akaandika tarakimu, akamshukuru, na kiti kikazunguka.

Mzee Mkunjo alirudi mashineni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa ameona zaidi ya ung'ongo. Ameona nyoka mwenyewe, akijikunja kwenye kioo.

"Nimemwona anavyofanya," alimwambia Cheche. "Wanafuta. Kila kinachoweza kuwaumbua, wanafuta. Halafu rangi inatoka bluu."

"Nani anafuta?"

"Huyo. Bi Futa."

Cheche alicheka, na jina likamganda injinia tangu siku hiyo. Likapita karakana nzima kabla ya chai ya saa nne.

Kwanza Mzee Mkunjo alishuku unene. Mtu anayefuta unene wa bati kwenye kompyuta, alijiambia, anataka kuufuta na ghalani: tutaletewa bati jembamba, tofauti iingie mfukoni mwa mtu. Akaenda ghalani kama anayetafuta glavu, akapapasa kingo za mabati kwa kidole, kisha akayapima kimyakimya. Unene ulikuwa uleule ulioandikwa. Mtu mwingine angetulia hapo. Yeye akazidi kushuku. Mwizi akikuachia mlango wazi, ujue ameshapita dirishani.

Jioni, binti akimmiminia chai, alimwuliza, "Huyo injinia wenu mnamwonaje huko kwenye zinki?"

"Bi Futa?" Binti alitabasamu. "Kumbe wewe ndiye umembatiza. Ni mtu mzuri, baba. Alikuja akasimama na sisi kwenye joto, akauliza tunasimama wapi, tunashika nini."

"Hata fisi huja kuuliza mbuzi wanalala wapi."

"Baba jamani."

"Mimi nakwambia. Mama yako naye walimwambia rafu ni bluu."

Kuhusu mama yake hawakuwahi kubishana. Binti aliweka birika chini, akasema taratibu, "Lile la mbao siku moja litanimwaga. Hili la kwenu nalisubiri kwa hamu. Likunje vizuri tu."

Alikunja vizuri. Hakuwahi kukunja vizuri namna ile. Kila mhimili uliopita mikononi mwake aliutazama kama mtu anayeangalia shuka atakalolazwa mwanawe. Lakini kila alipofika kwenye ncha akaliona lile tundu, moyo ulimruka. Mihimili iliyopita kwenye hesabu haina matundu. Hii ina matundu. Basi hii haikupita hesabu yoyote. Iliyopita ni mingine. Ni kama kumpima mtu mzima wa afya, ukampa cheti mgonjwa.

Akili yake, ambayo kwenye bati ilikuwa kali kuliko mkasi, ikampeleka moja kwa moja shimoni. Alijisemea: wao wamefuta kwa uongo, mimi nitafuta kwa kweli. Wakisema hakuna tundu, basi lisiwepo.

Cheche alipokwenda kula mchana, Mzee Mkunjo alivaa kofia ya kuchomelea, akachukua mhimili mmoja baada ya mwingine na kuziba matundu yote. Kisha akawasha grenda, akasaga, akapitisha mkono. Palikuwa laini kama shavu. Hata yeye ilibidi apapase kujua palipokuwa na tundu. Alipomaliza alijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Cheche alirudi akikata kucha kwa meno. "Mbona grenda ya moto?"

"Maelekezo mapya."

"Ya Bi Futa?"

"Ndiyo," alisema, na kwa namna yake aliona hajadanganya.

Mkaguzi alipita baadaye. Huyu alikuwa shemeji wa meneja, mtu anayekagua miwani ikiwa mfukoni. Aligonga mhimili wa kwanza kwa kalamu, akasema "chuma kizuri", akatia sahihi ya yote. Mzee Mkunjo alimtazama akiondoka, akatema mate pembeni. "Ndio hawa," aliwaza. "Kama si mimi, mwanangu angekuwa mikononi mwa hawa."

Mihimili ikapelekwa banda la zinki, ivishwe ngozi kabla ya kuunganishwa.

Asubuhi yenyewe binti alipitia mezani kwa baba yake na kikombe mkononi, uso ukiwa umeshaanza kung'aa kwa jasho.

"Leo nawaogesha wanao," alisema.

"Waogeshe vizuri. Nimewalea kwa shida."

"Nitawaogesha taratibu. Tangu lile bomba tumekuwa waoga." Alikunywa kidogo. "Sikukusimulia? Wiki iliyopita kuna mteja alileta bomba limezibwa ncha zote mbili, hakuna aliyeangalia. Hewa ya ndani ikapata moto, na kumbe lilikuwa na maji kidogo. Likapasuka ndani ya hodhi. Zinki iliruka mpaka kwenye dari, baba. Mungu tu, tulikuwa tumekwenda kuchukua ndoano. Ndiyo maana kitu chenye uwazi ndani lazima kiwe na matundu ya kupumulia."

Mzee Mkunjo alikuwa ameshika bati. Aliendelea kulishika.

"Matundu," alisema.

"Ya kupumulia. Kama yale ya mihimili yako, kila ncha moja. Nimeyaona kwenye mchoro." Akamalizia chai, akamwachia kikombe mezani kama alivyozoea tangu utotoni, akaondoka.

Kulikuwa na kelele za karakana nzima, lakini yeye alisikia kimya. Kwanza alijaribu kushuku, kwa mazoea. Labda wamemfundisha aseme hivyo. Labda ni hadithi za kuwatisha vibarua. Lakini sauti iliyosimulia ilikuwa ya mama yake yule mtoto, na haikujua kutia chumvi. Akaona tena ule ulaini aliousaga, laini kama shavu, na ndani yake hewa iliyofungiwa, haina pa kutokea.

Aliweka bati chini. Kisha akakimbia.

Watu hawakuwahi kumwona Mzee Mkunjo akikimbia. Cheche alisema baadaye kwamba alidhani kuna moto, akachukua ndoo. Alipita kati ya mashine, akapita uani palipopangwa vyuma, goti moja likimsaliti, akiita jina la binti yake kwa sauti isiyotoka. Mlango wa banda la zinki ulikuwa wazi, joto likimpiga usoni.

Mhimili ulikuwa juu, umening'inia kwenye minyororo, ukiangalia hodhi. Chini zinki ilitulia kama kioo kilichokasirika. Binti alikuwa amesimama na kidude cha winchi mkononi, kidole kikiwa mbali na kitufe, na meneja alikuwa mbele yake na shati lake jeupe.

"Shusha," meneja alikuwa akisema. "Mteja anasubiri hodhi hili. Unachelewesha kazi."

"Sishushi, bosi. Hauna tundu."

"Una matundu. Mchoro huu hapa. Mkaguzi ametia sahihi."

"Mchoro una matundu. Chuma hakina." Binti alinyoosha mkono kwenye mihimili mingine iliyolala sakafuni. "Njoo upapase mwenyewe. Nimepuliza hewa ya pampu, haiingii, haitoki. Mimi situmbukizi kitu kisicho na mdomo."

Mzee Mkunjo alishika mlango, akapumua. Alikuwa hai, mwanawe. Alikuwa anabishana.

Bi Futa alikuwa amechuchumaa kwenye ile mihimili ya sakafuni, akipitisha kiganja kwenye ncha. Alipoinuka, uso ulikuwa umebadilika rangi. "Yalikuwepo," alisema. "Nilimpa mkata bati mchoro wenye matundu."

Meneja aligeuka. Na hapo Mzee Mkunjo akashuhudia jambo ambalo hakulitegemea: mawazo yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu anayemchukia.

"Wewe si ndiye uliyefuta matundu kwenye kompyuta?" meneja alisema. "Nilikuona kwa macho yangu nilipopita ofisini kwako. Umefuta, na chuma kimekuja bila matundu. Unataka nani aulizwe?"

"Nilifuta kwenye nakala ya kupigia hesabu, bosi. Huo si mchoro wa kutengenezea. Ile nakala ni ganda tu, haiendi karakana. Tundu dogo liko nchani, pasipo na nguvu kubwa, halibadilishi jibu, ndiyo maana naliondoa. Ni kama ukimpiga mtu picha kujua urefu wake. Huhitaji kuhesabu nywele."

"Usinifundishe picha. Mtu angekufa hapa. Kesho usije."

Mkaguzi, aliyekuwa amesimama nyuma ya meneja, alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyepona.

Hivi ndivyo Mzee Mkunjo alivyokuwa akiomba miaka yote: wakubwa walane wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wa viti vya kuzunguka alikuwa anaangushwa mbele yake, naye alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Kunyamaza alikujua. Alinyamaza msibani.

Lakini binti alikuwa ameshamwona. Alimtazama baba yake mlangoni, akatazama ncha ya mhimili uliokuwa ukining'inia, kisha akamtazama tena. Mikwaruzo ya grenda ya kila fundi ina mwendo wake, na huyu mtoto amekua akitazama ya baba yake: mipindo midogo kama kucha, inayolala upande wa kushoto. Alimtazama tu kama mama yake alivyokuwa akimtazama akitoka nje na shati halijafungwa vifungo.

"Ni mimi," Mzee Mkunjo alisema.

Wote waligeuka.

"Nimeziba mimi. Nikasaga mimi. Huyu mtoto wa watu mnamwonea." Aliingia ndani, akivuta mguu. "Niliona anayafuta kule, nikadhani hesabu zimepita kwa uongo. Nikataka chuma kiwe kama kwenye hesabu. Mwanangu anakwenda kusimama juu yake. Hakuna aliyeniambia tundu lile ni pua."

"Hukuuliza," Bi Futa alisema kwa sauti ya chini.

"Sikuuliza. Kuuliza hapa nani anajibiwa?" Kisha akamgeukia mkaguzi. "Na wewe uliyetia sahihi, uliona matundu gani?"

Mkaguzi alianza kutafuta miwani mfukoni.

Meneja alimwita Mzee Mkunjo majina ambayo si ya kurudia mbele ya binti yake. Akasema atamfukuza, atampeleka mbele ya sheria, atahakikisha hashiki tena hata kopo. Lakini kadiri alivyosema ndivyo sauti ilivyopungua, kwa sababu alikuwa anaona kile kila mtu alichokiona: huwezi kumfukuza aliyeziba bila kumwuliza aliyekagua, na aliyekagua ni ndugu wa mkewe. Basi mambo yakaisha kama mambo ya wakubwa yanavyoisha, kimya. Bi Futa aliambiwa arudi kazini. Mzee Mkunjo alipewa onyo. Shemeji hakupewa kitu.

Binti aliurudisha mhimili sakafuni taratibu. Alipopita karibu na baba yake alisema kwa sauti yao wawili tu, "Ungeniua, baba."

Alikwenda kuchukua drili.

Kutoboa upya walitoboa yeye na Bi Futa. Hakuna aliyewapanga, injinia alikuja tu na chaki, akaweka alama, mzee akashika drili. Walitoboa mhimili mmoja baada ya mwingine.

"Unaniita Bi Futa," injinia alisema mwishoni.

"Karakana ndiyo inayokuita."

"Karakana haina akili ya majina. Ni wewe."

Mzee Mkunjo alipuliza vumbi la chuma, akaficha nusu ya tabasamu. Kisha akauliza kile kilichomkaa kooni tangu msibani. "Ile rafu. Iliyomuua mama wa mwanangu. Nayo mlifuta matundu?"

"Sikuwepo, mzee. Lakini niliposikia unaniita hivyo na kwa nini, niliitafuta nikaiangalia." Aliweka chaki chini. "Matundu ya rafu ni mengi, hayafutwi hivihivi. Ukiyaondoa kwenye picha, lazima upunguze nguvu ya bati kwenye hesabu, kufidia. Aliyeipiga alipunguza. Hapo hakukosea. Hesabu ile ilikuwa ya safu moja ya maboksi kila daraja."

Mzee Mkunjo alizima drili.

"Walikuwa wakipanga mbili," alisema. "Alikuwa akirudi nyumbani analalamika. Meneja amesema wapange mbili, moja nyuma ya nyingine, kubana nafasi."

Mzee Mkunjo alitazama lile tundu jipya alilotoboa, mwanga ukipita toka upande wa pili. Miaka yote alikuwa akimtafuta mwuaji kwenye matundu, na mwuaji amekaa kwenye kitu kisichochorwa kabisa. Hasira yake haikupungua hata chembe. Ilipata anwani tu.

"Na hili jukwaa," alisema, "umelipigia hesabu ya mzigo gani?"

"Watu wawili na vijiko vyao."

"Meneja anajua?"

"Ameandikiwa."

"Sijauliza kama ameandikiwa."

Jukwaa lilipofungwa, liking'aa kwa ngozi yake ya zinki, meneja alikuja kulitazama. Alilitikisa, akaridhika. Kisha akaonyesha kona yenye nafasi. "Hapa tutaweka mapipa ya majivu," alisema. "Yajae hapohapo, tusihangaike kushusha kila mara."

Mzee Mkunjo alimtazama Bi Futa. Bi Futa alimtazama Mzee Mkunjo.

"Halikupigiwa hesabu ya mapipa, bosi," injinia alisema.

"Si chuma hiki? Kitashindwa pipa?"

"Bluu inakuwa nyekundu," Mzee Mkunjo alisema. Hakupandisha sauti. "Maboksi safu mbili, bosi. Unayakumbuka?"

Binti alikuwa amesimama juu ya jukwaa, kijiko kirefu mkononi. Wenzake wa zamu waliacha walichokuwa wakifanya. Meneja alitazama huku na huku, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake, akasema mapipa yatakaa chini, kwani nani alisema lazima yakae juu, akaondoka.

"Amekubali haraka," Bi Futa alisema.

"Ndicho kinachonitisha," alisema Mzee Mkunjo. "Atasubiri tusahau."

Alirudi mezani kwake. Alichukua kipande cha bati nene, akakikata, akakunja kingo zake zisimkate mtu, na kwa nyundo na patasi za herufi akagonga maneno, moja moja, kwa mwandiko wa mtu asiyependa kuandika: WATU WAWILI. HAKUNA PIPA. Akakitoboa tundu kila pembe, akakipeleka banda la zinki, akakifunga kwa riveti kwenye nguzo ya jukwaa, usawa wa macho ya mtu mwenye shati jeupe. Bolti mtu angeifungua.

Bi Futa alikuja akasoma.

"Na hiki nacho utakifuta?" Mzee Mkunjo aliuliza.

"Kwenye kompyuta, ndiyo. Hakibebi kitu."

Mzee Mkunjo aliguna. Alipanda ngazi ya jukwaa mwenyewe, goti likilalamika, akaenda mpaka katikati ambako bati hupinda zaidi, akasimama kando ya binti yake. Akaruka. Jukwaa halikusema kitu.

"Tayari ni wawili, baba," binti alisema, akimshika kiwiko. "Shuka sasa."

Alishuka. Lakini kila asubuhi, kabla ya kwenda mashineni, alipitia banda la zinki kama mtu aliyesahau kitu, akainama, akachungulia kama kuna pipa.